Namba sita zilizosomwa na kijana wa Makambako

Mama mmoja, mteja wangu, alikuja dukani na kompyuta mpakato imefungwa kwenye kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki. Umeme ulikatika mtaani kwao Kihesa, ukarudi kwa fujo, na tangu hapo mashine haikuwaka tena. Yeye ni mweka hazina wa kikoba: hisa za wanachama, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, vyote vimo humo. Nikaichomoa diski, nikaijaribu kwenye mashine nyingine. Kimya. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa mnaijua, na mama anatoka jasho.

“Usiwe na wasiwasi mama, si nilikuwekea bakapu mwaka juzi?”

Kweli nilimwekea. Kila jioni programu ilikuwa inachukua faili zake na kupeleka nakala kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia, za kampuni moja ya ng'ambo. Neno siri alikuwa nalo, kaliandika nyuma ya kaunta buku. Tukaliingiza, likakubaliwa. Kisha skrini ikaandika kwamba namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu inayoishia na 47.

Mama akaniangalia. “Mwanangu, hiyo laini niliiacha zamani. Ule mtandao kwetu haushiki.”

Kwa kukosa la kufanya, nikaipigia ile namba. Ikaita. Akapokea kijana, pikipiki inanguruma nyuma yake. Yuko Makambako, anaendesha bodaboda, laini kainunua mwaka jana na kuisajili kwa kidole chake mwenyewe. Nikamweleza shida yetu, nikamwomba anisomee namba sita zilizoingia kwenye simu yake.

“Kaka, nyie si ndio wale wa tuma kwenye namba hii?” Akakata.

Na alikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku: mtu akikupigia anataka umsomee namba, huyo ni tapeli, kata simu. Tukapiga tena. Safari hii mama akaninyang'anya simu. “Kamwene,” akasalimia, yule akaitikia, na kuanzia hapo wakaongea Kibena, lugha ya kwao, kama dakika tano. Nikasikia majina ya vijiji, nikasikia kicheko. Nikauomba mfumo utume namba mpya, maana zile za kwanza zilishakufa. Kijana akazisoma moja moja, polepole, kama mtu anayesoma tokeni ya LUKU. Faili zikafunguka.

Mama akamshukuru Mungu. Mimi nikabaki na jambo linanikera mpaka leo. Kwenye kumbukumbu za kampuni ile imeandikwa kwamba siku hiyo mwenye akaunti alihakikiwa na akaruhusiwa. Si kweli. Mashine ilihakiki vitu viwili tu: kwamba kuna mtu analijua neno siri, na kwamba mtu huyo ana njia ya kuzipata namba zilizoingia kwenye laini fulani. Aliyemhakiki mama kama mama alikuwa dereva wa bodaboda, kwa kumsikiliza lugha yake. Na tapeli wa Kibena naye anajua kusalimia.

Kinachochanganya watu hapa ni kwamba neno moja, usalama, linabeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni kuhakiki utambulisho: wewe ni nani? La pili ni ruhusa: ukishajulikana, unaweza kufanya nini, kusoma tu, kubadilisha, au hata kufuta? La tatu ni kusimba, yaani kuligeuza faili lenyewe liwe vurugu isiyosomeka kwa asiye na ufunguo. Mawili ya kwanza ni kazi ya mlinzi wa getini. La tatu ni kufuli la sanduku. Mlinzi anaweza kuonewa huruma, kudanganywa, hata kuzungukwa nyuma ya ukuta. Kufuli halisikilizi maelezo, na ndiyo maana lina faida yake na ukatili wake. Nitalirudia.

Tuanze na neno siri. Seva iliyotengenezwa vizuri hailihifadhi neno siri la mama. Inalisaga. Fikiria mahindi yanavyoingia mashineni na kutoka unga: kila mama anapoingia, neno lake linasagwa upya na unga unalinganishwa na ule uliowekwa stoo siku ya kwanza. Ukifanana, pita. Mwizi akivunja stoo anakuta unga, na unga haurudi kuwa mahindi. Wazo hili ni la zamani. Robert Morris na Ken Thompson walilieleza mwaka 1979 walipoandika jinsi mfumo wa kompyuta uitwao Unix unavyotunza maneno ya siri. Wao ndio walieleza pia habari ya kutia chumvi (wataalamu wenyewe wanaiita hivyo hivyo, chumvi): kabla ya kusaga, kila mtu anatiliwa tarakimu za kubahatisha zilizo zake peke yake, ili watu wawili waliochagua neno moja unga wao usifanane.

Ila mwizi hahitaji kuurudisha unga. Anachukua mahindi yake mwenyewe, yaani maneno ambayo watu hupenda kuyatumia, anasaga moja moja na kulinganisha. Ndiyo maana mashine za kisasa za kusaga zimefanywa nzito kwa makusudi: kanuni iitwayo bcrypt ya mwaka 1999, na Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa la kazi hiyo mwaka 2015. Kwa mama, kuchelewa nusu sekunde si kitu. Kwa anayejaribu maneno mamilioni, ni msiba. Na ukichagua “iringa123”, hakuna mashine itakayokuokoa.

Kwa sababu maneno ya siri huibwa, tukaongeza kitu cha pili: onyesha ulichonacho mkononi. Hapo ndipo meseji za namba sita zilipoingia. Zina sifa moja kubwa, kila mtu ana simu. Udhaifu wake ni kwamba zinahakiki laini, na laini inaweza kuhamia kwa mtu mwingine. Nchini kwetu laini za raia zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Kwa hiyo ile laini ya Makambako ilikuwa na utambulisho kamili, halali, wa kisheria. Haukuwa wa mama tu. Kampuni ya ng'ambo haina namna ya kujua kwamba namba iliyoandikiwa zamani imelala, imefungwa, imeuzwa upya. Na hapo sijagusa matapeli wanaojifanya wewe ili waurudishe upya usajili wa laini yako kwenye kadi yao. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia hii ya meseji kwenye kundi la njia za masharti tangu mwaka 2017.

Ninayoipenda zaidi ni programu ya namba kwenye simu, ile inayobadilisha tarakimu kila nusu dakika. Wateja wengi hudhani inazipokea kutoka mahali. Haipokei chochote. Siku ya kwanza unapopiga kamera kwenye ile picha ya miraba myeusi, seva na simu yako wanagawana siri moja ndefu. Baada ya hapo kila mmoja, bila kuongea na mwenzake, anaichukua ile siri, anaichanganya na saa iliyokatwa vipande vya sekunde 30, anasaga, anachukua tarakimu sita. Siri ni ileile na saa ni ileile, kwa hiyo jibu ni lilelile. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 2011. Uzuri wake kwa watu wa huku ni kwamba haitaki mnara wala salio. Ukiwa kwenye bonde la Makete ambako simu inakuwa tochi tu, namba zinaendelea kubadilika. Ubaya ni saa: mteja mmoja alizungushwa siku nzima, kumbe simu yake iliishiwa chaji, ikawaka, na saa ikabaki nyuma dakika arobaini. Nikairudisha kwenye saa ya mtandao, mlango ukafunguka.

Namba hizi nazo, hata hivyo, zinasomeka kwa sauti, na kinachosomeka kwa sauti kinaweza kuombwa na tapeli. Ndiyo sababu siku hizi kuna funguo za siri zinazokaa ndani ya simu yenyewe, zilizofungamanishwa na anwani halisi ya tovuti. Ukipelekwa kwenye tovuti bandia inayofanana na ile ya kweli, ufunguo hauitikii, na wewe huna cha kumsomea mtu.

“Basi si watumie kidole,” mama aliniambia, “kama wakala wa laini.” Swali zuri. Kwenye simu nyingi kidole chako hakisafiri kwenda seva yoyote. Alama yake inatunzwa ndani ya simu, na kazi yake ni kuufungua ule ufunguo niliousema. Lakini hata hapo, kipimo cha mwili hakijibu ndiyo au hapana. Kinajibu: inakaribia. Sisi wa Iringa tunao mfano wa jambo hili hapo Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilidaiwa lirudishwe kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, likakaa miongo bila kurudi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho yenye mafuvu mengi, na haijulikani lipi ni la Mkwawa. Wakatumia vipimo: waliyapima yaliyotoka Afrika Mashariki na kulinganisha uwiano wa upana na urefu na ule wa ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Moja kati ya yaliyokaribia ndilo lililorudishwa mwaka 1954, na lipo Kalenga hadi leo. Wapo wanahistoria wanaosema hatuna uhakika. Mimi simbishii mzee yeyote wa Kihehe kuhusu fuvu la Mtwa, nasema tu kwamba utaratibu ule ndio huohuo wa simu yako: mtu anapanga mstari, anasema kinachofika hapa nakikubali. Ukiulegeza mstari, mdogo wako anaifungua simu yako. Ukiukaza, mikono ya mkulima iliyochubuliwa na jembe inakataliwa kila siku.

Mpaka hapo tumeongelea mlango wa mbele. Nakala za akiba huibwa pia kwa mlango wa uani, ule ulioandikwa “umesahau neno siri?”

Mwaka 2012 mwandishi wa habari za teknolojia wa Marekani, Mat Honan, alipoteza karibu maisha yake yote ya kidijitali ndani ya saa moja. Hakuna aliyevunja neno siri lake. Vijana walipiga simu Amazon, lile duka la mtandaoni, wakaongeza kadi ya malipo kwenye akaunti yake, wakapiga tena na kuitumia kadi hiyohiyo kama ushahidi kwamba wao ndio yeye. Wakaingia, wakaona tarakimu nne za mwisho za kadi yake halisi. Tarakimu hizo nne pamoja na anwani yake ya malipo ndivyo Apple wa wakati ule walivyoviomba kwa simu kumhakiki mtu. Wakapewa neno siri la muda. Simu yake, tableti na kompyuta vikafutwa kwa mbali, pamoja na picha za binti yake mchanga. Walichokitaka hasa ni jina lake la Twitter, lenye herufi tatu.

Kilichotokea hapo ni kwamba kampuni moja iliona tarakimu nne si siri, ikazionyesha. Nyingine iliona ni siri, ikazikubali kama kitambulisho. Ukiniuliza mimi, nguvu ya akaunti yako ni ile ya njia nyepesi kuliko zote ya kuirudisha. Unaweza kuweka neno siri la herufi thelathini, lakini swali la kurudishia likiwa “ulisoma shule gani ya msingi”, basi darasa zima mlilosoma nalo lina ufunguo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2014, picha za faragha za wasanii wa Marekani zilisambaa. Wezi waliwatumia barua pepe za kujifanya zimetoka Apple au Google, wakapata maneno ya siri, na kwa baadhi yao wakapakua nakala nzima za akiba za simu zao kutoka iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Apple walikuwa tayari wana uhakiki wa hatua mbili, ila haukuwa unazilinda nakala za akiba. Uliongezwa huko Septemba mwaka uleule. Hili ni kosa ambalo naliona hata kwenye maofisi madogo ya hapa mjini: kompyuta ya mhasibu ina ulinzi, diski ya nje yenye nakala ya kila kitu iko kwenye droo isiyo na ufunguo. Nakala ni faili lilelile. Inastahili uhakiki uleule, au mkali zaidi, maana ndani yake vitu vyako vyote vimekusanywa mahali pamoja.

Na kuhusu ruhusa, niseme moja. Anayeruhusiwa kurudisha faili si lazima aruhusiwe kulifuta. Mwaka 2014 huohuo kampuni ya Code Spaces, iliyowatunzia waandika programu kazi zao, ilifungwa kabisa baada ya mvamizi kuingia kwenye ukurasa wake wa usimamizi na kufuta kazi pamoja na nakala zake, kwa sababu vyote vilikuwa chini ya funguo zilezile. Virusi vya kudai fidia navyo vikiingia mara nyingi huzitafuta nakala pia. Kikoba kikiwa na akaunti mbili, moja ya kuweka na nyingine ya kufuta, isiyofunguliwa kwenye kompyuta ya kila siku, si jambo la makampuni makubwa tu.

Sasa lile kufuli. Mlinzi wa getini hana maana kama mwizi kabeba sanduku zima. Mwaka 2022 ndivyo ilivyotokea kwa LastPass, kampuni inayotunza maneno ya siri ya watu: wezi waliondoka na nakala za akiba za hifadhi za wateja. Kuanzia hapo hakuna namba sita wala kidole kinachouliza lolote, mwizi yuko nyumbani kwake na sanduku. Kilichobaki kumzuia ni usimbaji, na ufunguo wake unatokana na neno siri kuu la kila mteja. Baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zinasagwa mara 5,000 tu, wakati za karibuni zilisagwa zaidi ya mara 100,000. Mwenye neno fupi na mashine nyepesi ndiye aliyekuwa hatarini kwanza.

Ukatili niliousema uko hapa. Mahali ambapo ufunguo uko kwako peke yako, hakuna dirisha la “nimesahau”. Tangu mwaka 2021 WhatsApp wanakuruhusu kuisimba nakala ya mazungumzo yako kwa neno siri lako au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua zile 64 na kuzipoteza, hakuna mtu wa kumpigia wala wa kumbembeleza kwa Kibena. Watu hunilaumu, “lakini wewe fundi.” Fundi wa nini? Angeweza fundi, angeweza na mwizi.

Mama aliposikia hilo alikunja uso, halafu akasema jambo ambalo mimi sikulifikiria: “Kwani sanduku letu tunafanyaje?” Sanduku la kikoba chao lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti, mwenye sanduku hana hata mmoja. Wanahisabati waliitafuta njia ya namna hiyo. Mmoja wao, Adi Shamir, alionyesha mwaka 1979 jinsi ya kuigawa siri vipande vitatu ili viwili vyovyote vitoshe kuirudisha, na kimoja peke yake kisifichue hata herufi. Hapo imelizidi sanduku la mama, kwa sababu sanduku likikosa mshika ufunguo mmoja, mkutano unaahirishwa.

Hatukufika kwenye hesabu hizo. Tulichofanya ni hiki: tukaiondoa laini ya zamani, tukaweka programu ya namba kwenye simu yake na kwenye ya katibu, tukachapa zile namba za dharura ambazo akaunti hukupa uzitumie mara moja moja, kumi kwenye karatasi. Karatasi ikaingia kwenye sanduku la kufuli tatu. Nikamkumbusha pia kwamba madeni ya wenzake ni taarifa zao, si zake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wanachama wana haki ya kuuliza nani anaziona. Akasema wanaulizana hayo bila sheria.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikaita, namba inayoishia na 47.

“Kaka, zimekuja tena namba sita. Safari hii si za ile kampuni, ni za nyingine. Mama ameomba?”

Nikampigia mama. Yuko shambani Ifunda, simu ya mkononi tu, hajagusa kompyuta tangu Jumapili. Hajaomba kitu. Namba usizoziomba zikiingia, huenda maana yake ni kwamba kuna mtu ameshaliandika neno siri lako, na limekubaliwa.

Nikamwomba kijana asizisome, hata kwangu. Akacheka, akasema hakuwa na mpango huo. Jioni mama akaja na kaunta buku, tukakaa kuandika kila mahali alipowahi kuiacha ile namba ya zamani. Mpaka nafunga duka tulikuwa tumefika saba.